Mti Uliokatwa Nusu

Kigingi cha tatu kiligoma kutoka. Inspekta Cuthbert Lyle alikishika kwa mikono miwili, akakitikisa kushoto na kulia, kisha akakivuta juu polepole kama mtu anayeng'oa jino la mgonjwa mwenye hasira. Ardhi ilikuwa imeganda. Kilipotoka alikilaza nyasini kando ya vile viwili vya kwanza, ncha zote zikitazama upande mmoja, akapiga magoti tena ukingoni mwa mtaro.

"Afande, tunabomoa wigo wa mtu," alisema Sajenti Maddox, mikono mfukoni, pua imemwiva kwa baridi.

"Tunaufungua tu. Tutaurudisha."

"Nani ataurudisha? Aliyeulaza yuko juu ya meza ya daktari, shingo imeshikwa na kipande cha ngozi."

Jana, Jumanne asubuhi, mleta barua alimkuta Enoch Fallowell amelala kifudifudi ndani ya mtaro huu, maji yenye barafu yamemfika masikioni. Panga lilikuwa limemwingia kisogoni na kurudi tena na tena palepale, kama mtu anayekata kuni kwa ghadhabu. Kabla ya hapo mzee alijaribu kujikinga. Vidole viwili viliokotwa majanini, kimoja kikiwa bado ndani ya glavu.

"Na muuaji tunaye," Maddox aliendelea. "Panga la Enoch lilikuwa chini ya godoro la yule Mtaliano, damu imekauka hadi mpinini. Alikuwa anamtaka binti yake, mzee hataki. Unataka nini zaidi? Mrakibu anakuja na gari saa kumi kumchukua. Baada ya hapo ni jaji, na baada ya jaji ni kamba."

"Ndiyo maana nina haraka," alisema Lyle, bila dalili yoyote ya haraka.

Wigo ulipanda mteremko kutoka kijitoni hadi kwenye mwaloni, ukitenganisha malisho mawili ya Seth Quarmby. Enoch alikuwa akiulaza tangu Mwaka Mpya. Upande wa chini kazi ilikuwa imekamilika: kila mti wa miiba umekatwa karibu na ardhi, ukaachiwa utepe mwembamba wa gome na nyama ya mti ili usife, ukainamishwa kuelekea mlimani juu ya mwenzake na kubanwa kwa vigingi. Ulionekana kama kichwa cha msichana aliyesukwa upande mmoja tu. Upande wa juu miti ilisimama bado, mirefu na ovyo. Maiti ilikutwa hapo hapo, msuko unapoishia.

Lyle aliushika mti wa mwisho uliolazwa, akauinua kwa tahadhari usije ukakatika kwenye utepe wake. Akapitisha kidole cha glavu ubavuni mwake.

"Njoo utazame. Hii ni nini?"

"Damu. Mtaro mzima ni damu, afande."

"Imeelekea wapi?"

Maddox aliinama. Matone meusi yalikuwa yamegonga gome mahali ambapo shingo ya mtu ingefika, kama mti ungekuwa wima. Kutoka kila tone mchirizi mwembamba ulishuka kufuata urefu wa mti, kuelekea shinani.

"Imefuata mti," alisema Maddox.

"Damu hudondoka kwenda chini kama maji. Mti ukiwa umelala hivi, ingedondoka kwa ubavu mpaka majanini. Hii haikudondoka. Ilitiririka kutoka juu hadi kwenye shina." Lyle aliuinua mti kidogo zaidi, kuelekea kusimama. Michirizi yote ikawa sawa, kama mvua kwenye kioo cha dirisha. "Enoch alipokatwa, mti huu ulikuwa umesimama."

"Na sasa umelala."

"Na sasa umelala. Enoch hakuinuka kuulaza. Shika hapa, nitazame mkato."

Maddox alitoa mikono mfukoni kwa mara ya kwanza tangu wafike. Lyle alilala kifua chini, uso umekaribia shina, akatazama kwa muda mrefu. Nusu ya juu ya mkato ilikuwa nyeupe na safi. Mapigo yake yalitoka kushoto, mafupi, yamepangana. Nusu ya chini ilikuwa mapigo mawili tu, marefu, yametoka kulia. Na mapigo hayo mawili yalikuwa na rangi ya kutu. Mti wenyewe ulikuwa umekunywa damu iliyokuwa kwenye panga.

"Enoch alikuwa akishika panga kwa mkono gani?"

"Kushoto. Kijiji kizima kinajua, hata bia aliinua kwa kushoto." Maddox aliuinamia mti, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo mzee aliukata nusu. Akauawa. Halafu mtu akachukua panga lilelile, bichi, akaumalizia?"

"Akaulaza, akaupigia kigingi."

"Kichaa gani huyo? Mimi ningekuwa nimeshafika barabarani."

"Wewe hujawahi kulaza wigo," alisema Lyle.

Hapo ndipo waliposikia baiskeli. Konstebo Tapp, askari pekee wa kijiji cha Wickenholt, alikuwa akiisukuma kupanda mteremko bila kofia, shavu moja limevimba.

"Afande! Wamevunja mlango! Wamemtoa Mtaliano!"

Nyumba ya polisi ilikuwa nyumba ya Tapp mwenyewe, chumba kimoja cha nyuma kikiwa na komeo. Walipofika, komeo lilikuwa uani likiwa bado limeng'ang'ania kipande cha ubao. Wanaume waliotoka baa ya Mwanakondoo walijaza ua mdogo hadi barabarani, na katikati yao, chini ya bomba la maji, alikuwa Renzo Bertani.

Aliletwa kijijini akiwa mateka wa vita, na vita vilipokwisha akabaki kuchunga ng'ombe wa Quarmby. Sasa mtu mnene mwenye aproni ya mchinjaji alikuwa amesimama juu ya mkono wake wa kulia kwa kiatu chenye misumari, akizungusha kisigino. Sikio lake moja lilikuwa limechanika na kuning'inia. Mwingine alikuwa amerusha kamba ya kufungia farasi juu ya nguzo ya taa.

"Mkono uliomkata Enoch ni huu?" aliuliza mchinjaji. "Jibu, mla tambi! Au ni ule mwingine? Tunayo nafasi, tutakanyaga yote!"

"Mwinueni, mwinueni, kamba iko tayari!"

Maddox aliingia na rungu bila kuuliza jina la mtu. Pigo la kwanza lilimpata mchinjaji kwenye kiwiko, la pili likampasua mdomo aliyeshika kamba. Mtu alimrukia mgongoni. Chupa ilipasuka ukutani, na vioo vikamwingia Tapp kwenye kidevu. Lyle alipita katikati yao wote kana kwamba anapita sokoni, akainama juu ya Renzo, akakaa hapo akimfunika kwa mwili wake. Teke lilimpata mbavuni. La pili likampata palepale.

"Mwacheni!"

Sauti ilitoka barabarani, juu ya trekta. Seth Quarmby alizima injini, akashuka, na watu wakampisha. Alikuwa mtu mpana wa mabega, mzee wa kanisa, mwenye suti nyeusi ya msiba ndani ya koti la shamba.

"Aibu kwenu," alisema. "Ned, ondoa mguu. Enoch angewacheka. Serikali ina kamba nzuri kuliko hiyo ya farasi wako, na inajua kuifunga. Nendeni mkanywe, nitalipia mimi."

Walitoka mmoja mmoja, wakitema mate. Lyle aliinuka akijishika ubavu.

"Nakushukuru, Bwana Quarmby."

"Usinishukuru. Simtetei huyu. Nimemlisha miaka saba, na tazama." Alimtazama Renzo, akageuza uso. "Enoch ndiye aliyenifundisha kushika panga, Inspekta. Nilikuwa kitoto cha hivi. Kikombe cha wilaya nilichoshinda, kwa haki ni chake."

"Ni nani mwingine hapa anayejua kulaza wigo?"

"Siku hizi? Vijana wana nyaya na vigingi vya zege. Alikuwa Enoch, na mimi. Sasa ni mimi."

"Basi nisaidie. Mimi ni mtu wa mjini, sielewi nilichokiona kule. Unaweza kuja saa tisa unifafanulie?"

Quarmby alifikiri kidogo. "Ninaweza. Ila msiukanyage. Niliona mmeanza kung'oa vigingi."

"Tutaurudisha," alisema Lyle.

Jikoni kwa Tapp, Hester Fallowell alikuwa akichovya kitambaa kwenye beseni na kumfuta Renzo uso. Maji ya beseni yalikuwa mekundu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono mikubwa kama ya baba yake, na hakuwa akilia. Mkono wa Renzo ulilala mezani juu ya taulo, vidole vimeelekea kila upande, kama funguo zilizotupwa.

"Baba yako alikuwa amemkataa?" aliuliza Lyle, akiketi.

"Mwaka wa kwanza, ndiyo. Mwaka huu alikuwa anamtania tu. Alisema siku Renzo atakapokunywa chai bila kukunja uso, siku hiyo atatupa baraka."

"Chai yenu mbaya," alisema Renzo kupitia midomo iliyopasuka.

"Ameshaanza," alisema Hester, akamfuta damu mdomoni.

"Alikuwa akimsaidia mzee kwenye wigo?"

"Nani, huyu? Baba hakumruhusu hata kuligusa panga. Alisema mkono wa kukamua ni wa kukamua, ukichanganya utaua wigo na ng'ombe kwa pamoja."

"Mimi ng'ombe tu, signore. Yule mzee, mimi nilimpelekea mkate na jibini mchana. Jumatatu. Jumanne bwana Seth alinituma mbali, kwenye ndama wa kijitoni."

"Alikutuma Jumanne asubuhi?"

"Asubuhi, ndiyo. Giza bado."

Lyle alimgeukia Hester. "Jumatatu jioni baba yako alirudi vipi? Sema tu alivyoingia mlangoni, usichague."

Hester alikamua kitambaa. "Alirudi na matope mpaka kwapani. Nikamgombeza. Yeye anacheka. Akasema, 'Hester, leo nimempata yule bibi aliyenipasua kichwa.' Nikadhani amepitia Mwanakondoo."

"Alikuwa na kovu kwenye paji la uso," alisema Lyle. "Nililiona. La zamani sana."

"La utotoni. La siku ya mipaka." Alimtazama kuona kama inahitajika kueleza. Haikuhitajika, hata kijiji cha babu yake Lyle kiliwahi kufanya hivyo. Kabla ya Sikukuu ya Kupaa watu huzunguka mpaka mzima pamoja na kasisi, wanayachapa mawe ya mpaka kwa fimbo za mierebi, wanasomewa laana ya mwenye kuhamisha alama ya jirani, na kwenye kila jiwe mtoto mmoja anageuzwa miguu juu na kugongeshwa kichwa, ili akumbuke mahali hapo hata akizeeka. "Wengine wanagongeshwa kwa mzaha. Baba alishikwa na mlevi. Damu ilijaa juu ya jiwe la Bi Alys."

"Sijawahi kuliona jiwe hilo."

"Hakuna aliyeliona tangu Baba akiwa kijana. Lilikuwa mpaka wa Konde la Maskini. Bi Alys ndiye aliyeliacha konde hilo zamani za wafalme, wajane wa Wickenholt walishe mbuzi wao na kuokota kuni. Mwaka mmoja jiwe halikuonekana. Baba yake Seth akasema halikuwahi kuwepo, akalilima konde kama lake. Baba yangu akasema lilikuwepo, analo kwenye kichwa. Wakamcheka. Miaka hamsini, Inspekta, kila akiinua bia mtu anamwuliza, 'Enoch, bibi yako hajambo?'"

Renzo alifumba macho.

"Alimwambia mtu mwingine Jumatatu hiyo?"

"Alitaka kwenda kwa kasisi usiku ule ule. Kisha akavua viatu. Akasema atamwambia Seth kwanza, asubuhi, kwa sababu si uungwana mtu asikie jambo la marehemu baba yake mbele ya kanisa zima." Kitambaa kilianguka ndani ya beseni. Hester alikiacha humo. "Ndivyo alivyosema. Si uungwana."

Lyle aliinuka. Mezani ilikuwepo hati ya mashtaka iliyoandaliwa na ofisi ya Mrakibu, jina la Renzo limeshapigwa chapa, nafasi ya sahihi yake ikiwa tupu. Aliikunja na kuiweka mfuko wa ndani.

"Tapp. Niazime panga lako la bustani, na ile nondo ya kuchokolea bomba. Maddox, wewe nenda kwa njia ya kijitoni. Kaa upande wa pili wa wigo, usikohoe."

Alifika kwenye wigo mapema. Alishuka ndani ya mtaro akavunja barafu kwa kisigino, akaanza kuchoma matope kwa nondo, hatua kwa hatua kutoka mahali maiti ilipokuwa. Matope yalikuwa laini mahali pamoja tu, kama kaburi jipya. Nondo ilizama, ikagonga. Aliichoma tena pembeni yake. Ikagonga. Akaendelea hivyo hadi akajua upana wake, akapanda juu na kufuta viatu. Kulichimbua jiwe kulihitaji watu wanne na minyororo. Hilo lilikuwa la kesho.

Quarmby alikuja kwa miguu, mikono mitupu.

"Haya, bwana wa mjini. Nini hukielewi?"

"Karibu kila kitu." Lyle alichukua panga la Tapp, butu na fupi, akausogelea mti wa kwanza kati ya ile iliyosimama. "Nikitaka kuulaza huu, naanza hapa?"

"Chini zaidi. Hapana, chini! Unakata mti au unauchapa?"

Lyle alipiga vibaya. Akapiga vibaya tena. Mti ulichanika badala ya kukatika, nyama nyeupe imetoka nje kama mfupa, ukabaki umesimama nusu, ukiyumba. Upepo ulikuwa umeanza kutoka kaskazini. Lyle aliliweka panga juu ya nyasi, akavua glavu, akatoa kiko na kuanza kukijaza.

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi, Bwana Quarmby?"

"Kwangu. Kwenye hesabu za maziwa." Macho yake yalikuwa kwenye mti. "Huwezi kuuacha hivyo."

"Ulimwona Enoch siku hiyo?"

"Sikumwona. Inspekta, huo mti utachanika mpaka chini."

"Renzo anasema ulimtuma kijitoni, giza bado."

"Nilimtuma, ndiyo, kuna ndama." Upepo ulivuma, na mti ukalia, mlio mwembamba kama wa mlango. Quarmby alijishika mkono mmoja kwa mwingine. "Maliza kazi uliyoianza, bwana!"

"Siwezi. Nimeshaharibu. Na panga, kwa nini uliwaambia wapekue chini ya godoro lake?"

"Nilihisi tu. Nilimwambia sajenti wako kuwa—" Mti ulilia tena, utepe wa gome ukaanza kunyanyuka. "Mungu wangu!"

Alipita mbele ya Lyle, akaokota panga, akapiga. Mapigo mawili, marefu, kutoka kulia. Mkono wa kushoto uliupokea mti kabla haujaanguka, ukauinamisha kuelekea mlimani taratibu kama anayemlaza mgonjwa, akachukua kigingi nyasini na kukipigilia kwa mgongo wa panga. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko wa kuwasha kiko. Alipomaliza alikuwa akihema, na uso wake ulikuwa umetulia.

"Hivyo," alisema. "Mti ulioanza kuukata hauachwi umesimama."

"Enoch ndiye aliyekufundisha hilo?"

"Ndilo la kwanza alilonifundisha."

"Nilidhani hivyo." Lyle aliinama, akainua mti wa pembeni, ule wa Enoch, akauonyesha ubavu wake wenye michirizi myeusi, kisha akaelekeza kiko kwenye mkato. "Hapa alianza yeye, kwa kushoto. Hapa mtu alimalizia, kwa kulia, mapigo mawili, na panga lilikuwa limelowa. Renzo hawezi hata kulishika. Na chini pale, Bwana Quarmby, nimemkuta bibi."

Quarmby alitazama mkato mmoja, kisha mwingine. Ilikuwa kama kumtazama mtu mmoja kwenye vioo viwili.

"Alikuja akicheka," alisema hatimaye. "Kama mtoto aliyeokota yai. 'Seth, njoo umwone.' Nikamwambia mfukie. Nilimsihi, Inspekta. Baba yangu amelala chini ya sakafu ya kanisa lile, jina lake limechongwa kwa marumaru. Nikamwambia, mfukie, Enoch. Akasema hatangoja hata Kupaa, kesho kutwa kasisi atakuja na fimbo."

"Halafu?"

Jibu lilikuwa panga. Lilikuja kutoka kulia, refu, sawa na yale mengine, kwenye usawa wa shingo. Lyle alijiachia nyuma, akaangukia mtaroni, na panga likapita juu ya uso wake na kuzama katikati ya mti uliofuata, hadi nusu. Quarmby alilikwapua. Maddox alipasua wigo kutoka upande wa pili, miiba imemchana uso, rungu juu. Quarmby akageuka na kumpiga. Mkono wa koti la sajenti ulifunguka kutoka kiwiko hadi kifundo, na ndani yake kitu cheupe kikaonekana kabla damu haijakifunika. Maddox alipiga yowe, akaanguka kwa magoti.

Quarmby aliliinua panga juu ya kisogo chake. Lilikuwa pigo lilelile la Jumanne.

Lyle alikuwa na nondo. Aliizungusha kutoka ndani ya mtaro, kwa nguvu zake zote, kwenye goti. Lilivunjika kwa mlio mkavu. Mtu mkubwa aliinama, na Lyle, akiwa nusu ya mwili bado ndani ya maji, akashika kigingi na kumpiga nacho mdomoni, halafu tena, halafu tena, hadi panga likadondoka na meno yakatemwa juu ya nyasi nyeupe. Kisha alipanda juu, akamlaza kifudifudi, akamfunga pingu. Ufunguo ulimponyoka mara mbili.

Alimfunga Maddox mkono kwa mkanda wa suruali, juu ya jeraha, akakaza.

"Sikukohoa, afande," alisema Maddox, meno yakigongana.

"Hukukohoa."

Gari jeusi la Mrakibu lilikuwa likipanda barabara ya kijiji, taa zimewashwa, Tapp akilitangulia kwa baiskeli. Lyle alitoa ile hati mfukoni. Ilikuwa imelowa matope, lakini jina la Renzo Bertani lilisomeka bado. Aliichana vipande, akavirudisha mfukoni kwa kuwa hakutaka kuchafua shamba.

"Tapp!" aliita. "Mpeleke sajenti kwa daktari kwanza. Mtaliano naye aende, akatibiwe mkono. Na umwambie Mrakibu gari lake halitarudi tupu, ila abiria amebadilika."

Askari wawili waliokuja na gari walimwinua Quarmby. Mguu mmoja ulining'inia. Walipomfikisha kwenye lango alisimama, akageuka, damu ikimdondoka kidevuni hadi kwenye suti ya msiba. Hakumtazama Lyle. Alitazama nyuma yake, kwenye wigo, pale panga lilipopiga likakosa shingo: mti mrefu, umekatwa nusu, umesimama peke yake na kuyumba.

"Ule," alisema kwa mdomo usio na meno. "Msiuache vile. Upepo wa usiku utauchana."

"Hakuna fundi aliyebaki, Bwana Quarmby."

Walimpandisha garini.

Lyle alibaki. Jiwe lilikuwa chini ya matope bado, vigingi viwili nyasini, nuru imeanza kupungua. Aliuendea ule mti, akajaribu kuuinamisha kama alivyoona, akausikia ukilia, akaacha. Alivua skafu yake, akaifunga kuzunguka shina na kwenye mti wa jirani uliokuwa mzima, fundo mara mbili, akaujaribu kwa mkono kama utashika mpaka asubuhi.